Kwa Nini Niliacha Kushona Pedi Nyeusi

Mwaka ule tulikula vitunguu. Sisemi tuliweka vitunguu kwenye mboga. Vitunguu ndiyo ilikuwa mboga. Malori yanayopakia vitunguu Mang'ola yalikwama mpakani, mahoteli ya Karatu yalifunga kwa sababu wageni hawakuja, na vitunguu vikaanza kuota majani ndani ya magunia. Basi mchana ugali kwa vitunguu vilivyokaangwa kwa vitunguu vingine, jioni makande yenye vitunguu vingi kuliko maharage. Mji mzima ulinuka. Ukipanda bodaboda unajua dereva kala nini, na yeye anajua wewe umekula nini, mnanyamaza wote kwa heshima.

Nawatajia mwaka huo kwa sababu ninyi wasichana mnaojifunza cherehani mmeniuliza mara mbili: "Bibi, mbona kwenye picha za ule mradi wa pedi wewe haumo, na ndiye uliyeanza?" Nitawajibu, ila nitawajibu kwa hasira. Hasira yenyewe haijaisha na sina mpango wa kuimaliza.

Mwaka huo mafundi wote wa Karatu tulikuwa tunashona barakoa. Redio ilitangaza asubuhi, mchana na jioni: kitambaa chako kifue kwa sabuni, kianike juani, kipige pasi. Mpaka mume wangu, mtu asiyejua ndoo ya kufulia inakaa wapi, alikuwa ananikumbusha. Watu walianika barakoa kwenye uzio, kwenye vioo vya magari, kwenye pembe za ng'ombe karibu. Kitambaa cha mate na makamasi kilipewa redio nzima. Kitambaa cha damu ya mtoto wa kike, ambacho kinahitaji sabuni hiyohiyo na jua hilohilo, hakikupewa hata dakika moja. Sikuliona jambo hilo wakati ule. Nilikuja kuliona baadaye, nikakosa usingizi kwa ghadhabu.

Barakoa zilipopungua, akaja Elia. Alikuwa ofisa wa mradi, kijana kutoka Arusha, mpole, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi letu jekundu. Akasimama mbele ya cherehani yangu pale barazani, akaanza kujikunakuna.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unataka kupunguza suruali?"

"Hapana, Bibi. Tunahitaji utushonee... vile vitu."

"Vitu gani?"

"Vya akina dada."

"Sidiria?"

"Hapana! Vya... vya kila mwezi, Bibi."

"Kalenda?"

Nilishajua tangu alipoanza kujikuna, lakini nilitaka alitaje. Hakulitaja. Alifungua begi akatoa mfano, akauweka mezani kwangu kama mtu anayeweka nyoka. Ilikuwa pedi ya kitambaa, nyeusi tii, nene kama kishikio cha sufuria ya moto. Tabaka nne za kitambaa zimeshonewa pamoja, katikati kitambaa cha mwavuli ili isivuje, mbawa mbili zenye kifungo cha kubonyeza, na ukiikunja inakuwa kama pochi ndogo ya sarafu.

"Jambo la muhimu, Bibi, kisionekane," akasema. "Kwenye sketi kisionekane, kwenye begi kisionekane, hata kwenye kamba kisionekane."

"Kwenye kamba? Sasa kitakauka wapi?"

"Watajua wenyewe."

Hapo ndipo nilipaswa kumrudishia nyoka wake. Niliuliza swali sahihi, nikapewa jibu la kipumbavu, nikashona. Tena nilishona kwa bidii, kwa sababu mimi nina sifa. Nusu ya watoto wa Karatu wamevaa sare nilizoshona mimi, na kola zangu hazijawahi kupinda. Nikataka pedi zangu ziwe hivyohivyo. Kila mwisho wa mshono nikarudisha nyuma mara tatu, alama yangu, ili mtu akiziona ajue ni za Mama Safari.

Aliyenifundisha ushonaji, Mama Theresia, alikuwa na mkono mwepesi na rula nzito. Nilifika kwake nimetoka darasa la saba, sijui hata kutia uzi. Yeye alikuwa haipokei nguo yako ikiwa mpya. Unaimaliza, unaifua, unaianika, unaipiga pasi, ndipo anaishika na kutazama mishono. Kama imejikunja unaifumua huku sikio linakuwasha. Nguo mpya zote zinadanganya, alikuwa anasema, ngoja ilowe ndiyo ikwambie ukweli. Nimefuata mtindo huo kwa sare, kwa magauni ya harusi, kwa mapazia ya hoteli. Kwa pedi sikuufuata. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kuufuata kungenilazimu kuianika pedi barazani kwangu, kando ya barabara kuu, na mimi mwanamke wa watoto saba nilikuwa naona aibu. Elia na mimi tulikuwa kitu kimoja.

Nilichofanya ni kupima kama inavuja. Niliitandika juu ya sinia nikaimwagia chai ya rangi kutoka kwenye birika. Ya kwanza chai yote iliteleza ikamwagikia miguuni kwangu, maana nilishona kitambaa cha mwavuli upande wa juu. Mtoto angevaa mwavuli. Chekeni, lakini fundi asiyewahi kukosea namna hiyo hajashona kitu kipya maisha yake yote.

Siku hiyo Nalari alikuwepo. Nalari ni Mmasai wa Olbalbal, kule Ngorongoro, rafiki yangu tangu tuna meno yote; vijana wanamwita Koko, yaani bibi kwa Kimasai. Alikuwa akija Karatu kuuza shanga na kumtazama mjukuu wake, Naserian, aliyekuwa bweni, kidato cha pili. Alinitazama na birika langu, akatikisa kichwa mpaka hereni zikalia.

"Mama Safari, mtoto anatoka chai?"

"Napima."

"Damu nzito. Chai inapita kama mkojo. Ngoja."

Akaondoka na kopo. Akarudi kutoka machinjioni na damu ya mbuzi, bado ina joto, na Elia naye akawa ndiyo anashuka kwenye pikipiki. Nalari akamimina juu ya pedi polepole, mbele ya watu wote wa sokoni. Elia alisimama, akakaa, akasimama tena, akaishika nguzo ya baraza.

"Bibi, hii... hii haiwezi kuingia kwenye video ya mradi. Sisi kwenye video tutatumia maji ya bluu."

"Ya bluu?" Nalari akauliza. "Kwa nini?"

"Ndivyo matangazo yote yanavyofanya, Koko. Hata kwenye televisheni."

"Nani anatoka damu ya bluu? Kinyonga?"

Tulicheka mpaka muuza nyanya akaacha biashara yake aje kuuliza kuna nini. Lakini Nalari hakucheka muda mrefu. Alifuta mikono kwa jani la mgomba akamwambia Elia, "Ng'ombe wangu akipigwa mshale shingoni, tunakinga damu kwenye kibuyu, wageni wanapiga picha, wanatoa pesa. Damu ya mjukuu wangu nyie mnaibadilisha inakuwa dawa ya kuogeshea mbuzi. Imewakosea nini?"

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye pedi. Imekunywa damu yote, haikuvuja hata tone. Nikavimba kichwa. Nikashona rundo zima, likaenda kwenye shule za huku na za kule Endulen, likaenda pia shule ya Naserian.

Msinielewe vibaya, sisemi za dukani ni bora. Pale mtaani kwetu kuna duka, sitataja la nani, anajijua. Enzi za mifuko ya plastiki, ukinunua pedi kwake anakufungia kwenye mfuko mweusi, mmoja juu ya mwingine. Ukinunua sukari anakupa ilivyo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko, mzee wa watu akachanganyikiwa. Alisimamisha kabisa kuuza pedi wiki nzima mpaka alipopata magazeti ya kufungia. Siku moja nilisimama pale nikamtazama. Akaja kijana akanunua sumu ya panya, akapewa mkononi, pakiti ina picha ya panya aliyekufa miguu juu. Akaja msichana akamnong'oneza, mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama chini ya kaunta, akafungia kwenye gazeti mara tatu, akalipitisha chini kwa chini. Sumu hadharani, pamba ya usafi kwa magendo! Na ukiitazama pakiti yenyewe, ina maua, ina kipepeo, ina msichana mwenye suruali nyeupe anaruka. Hakuna neno linalosema ni ya nini. Mgeni kutoka mwezini angeinunua akidhani ni ya kumsaidia kuruka.

Turudi kwa Naserian. Ilikuwa mwezi wa saba, ule mwezi ambao ukungu unashuka kutoka Ngorongoro unakaa Karatu mpaka mchana, na nguo ya kawaida inachukua siku mbili kukauka. Nalari alikuja kwangu bila shanga, bila kunisalimu.

"Naserian anaumwa. Anawashwa, ana vidonda, tumbo linamchoma. Haingii darasani. Nesi anamuuliza unaanika wapi vitambaa vyako, mtoto kanyamaza tu."

"Twende."

"Ngoja nimalize. Baba yake kapiga simu. Anasema shule imempa ugonjwa, arudi Olbalbal. Mama Safari, akirudi sasa harudi tena. Unajua wanamwitia nini."

Nilijua. Kuna mzee mmoja alishaanza kuleta asali ya posa nyumbani kwao.

Tulimkuta bwenini, amejikunja. Nalari akamsemesha Kimasai, mtoto akanyanyua pembe ya godoro. Chini yake, juu ya chaga, zilikuwa pedi nne nyeusi zimelazwa kama samaki. Nilishika moja. Ilifuliwa siku tatu nyuma na bado ilikuwa mbichi. Nilinusa. Sitawasimulia harufu hiyo. Kwenye pindo kulikuwa na vitone vya kijani, na mwisho wa mshono uzi umerudi nyuma mara tatu.

"Kwa nini hukuanika nje?" Nalari akamuuliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Tulikatazwa, Koko. Matroni anasema wafadhili wanapita, wataona."

"Na wewe unajuaje kama imetakata?" nikauliza mimi.

"Nyeusi hiyo, Bibi. Haionekani."

Haionekani! Hata kwa mwenyewe! Nimevaa miwani miaka yote hiyo, nimetunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi mpaka macho yanatoka machozi, na sikufikiri kwamba msichana anayefua naye haoni kitu. Tabaka nne ili isionekane kwenye sketi, kwa hiyo haikauki. Rangi nyeusi ili isionekane kwenye kamba, kwa hiyo haitakati. Pochi ya kukunja ili isionekane kwenye begi, kwa hiyo uchafu unakaa kwenye mikunjo. Hakuna hata mshono mmoja uliowekwa kwa ajili ya mwili wa mtoto. Yote ilikuwa kwa ajili ya macho ya watu wengine. Na aliyeshona ni mimi.

Nikamwambia Nalari, "Mpe baba yake maneno yoyote, mwambie dawa inaendelea, nipe wiki mbili."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa utanitukana kwa Kimasai na Kiswahili."

Nilikosea tena kabla sijapatia. Nikasema nitashona kwa kitambaa cha shuka la Kimasai, mraba mwekundu na mweusi, ili ikianikwa uani iwe kama mashuka mengine tu. Nilijiona mjanja kweli. Nalari aliitazama akaanza kucheka kwa uchungu. "Mama Safari, umeificha tena. Sasa umeificha ndani ya Wamasai."

Nikafumua. Nikarudi kwa Mama Theresia, Mungu amrehemu, yaani nikarudi kwenye mtindo wake. Nikauliza: kitambaa gani huwa tunakifua kila siku kikiwa kichafu kuliko vyote, na hakimdhuru mtu? Nepi. Nepi ni nyeupe. Nepi ni tabaka moja, ukiifua inafunguka yote, jua linaingia kila pahali. Basi nikakata pamba nyeupe, pana kama leso ya mkononi, unaikunja mara tatu wakati wa kuvaa, ukifua unaifungua yote. Kitambaa cha mwavuli nikakitoa ndani nikakiweka kando peke yake, kama kikapu chenye mbawa cha kubebea ile pamba, unakipangusa tu. Nawaambia haya kwa kirefu ili mshike: usishonee pamoja vitu viwili vinavyokauka kwa muda tofauti. Kimoja kitamwozesha mwenzake.

Kisha nikafua nilichokishona, nikakianika barazani kwangu, kando ya barabara kuu, saa nne asubuhi, siku ambayo ukungu uliwahi kuondoka. Magari ya watalii yanapita kwenda geti la Ngorongoro, bodaboda zinapita, mchungaji wetu akapita, akasema "Bwana asifiwe" akitazama upande wa pili. Yule mzee wa duka akavuka barabara.

"Mama Safari, toa hivyo vitu. Wateja wanapita."

"Vitu gani?"

"Unajua."

"Vile pale kwenye uzio wako ni nini?"

"Nepi za mjukuu."

"Zina nini?"

Akageuka kuutazama uzio wake.

"Mavi ya mjukuu wako yanaona jua la Mungu," nikamwambia, "halafu damu iliyomtunza tumboni ndiyo unaniambia niifiche? Rudi dukani kwako, panya wanakungoja."

Kufika saa saba zilikuwa zimekauka kau, nyeupe, na hazikunuka chochote ila sabuni.

Naserian alipona. Kila mwezi alikuwa anakuja kwangu na kindoo chake, anafua, anaanika barazani, anasoma daftari lake chini ya kamba mpaka zikauke. Baba yake alisikia kapona akaacha kupiga simu. Mwenye asali akachukua asali yake. Lakini wenzake je? Bweni zima lilikuwa na pedi zangu nyeusi chini ya magodoro. Nilimfuata matroni. Akaniambia hana ubaya, ila mradi ndio unaoleta vifaa: wakileta nyeupe na kusema zianikwe, atafunga kamba uani kesho yake, wakileta nyeusi, zitabaki ndani zilipo. Kwa hiyo jambo zima lilikuwa kwa Elia na mabosi wake.

Elia alikuja, safari hii na gari. Nilikuwa nimemwandalia nyeupe mezani, nimezipiga pasi. Naserian alikuwepo, na sare yake, anaanua zake kwenye kamba. Elia alimwona, akaona kamba, akaangalia viatu vyake. Nilimweleza yote, ya chaga, ya ukungu, ya vitone vya kijani. Alisikiliza, nampa haki yake. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, nakuelewa kabisa. Lakini oda imeshapitishwa." Akafungua boksi. Vitambaa vyeusi, na nembo za kushonea juu ya pochi, maandishi ya dhahabu: *Siri Yangu*.

"Hili ndilo jina la bidhaa," akasema. "Shule zote za wilaya. Na wewe ndiye utakuwa fundi mkuu, utapigwa picha."

"Mpigie bosi wako."

"Bibi..."

"Mpigie, weka sauti kubwa."

Akapiga. Sauti ya mama mmoja, nzuri, ya mtu aliyesoma. Nikamsalimu, nikamweleza upya. Akaniachia nimalize, kisha akasema, "Bibi yangu, tunathamini sana uzoefu wako. Ila wasichana wenyewe ndio waliochagua nyeusi. Tuliwauliza."

"Mliwauliza wakiwa wapi?"

"Darasani, kwa utaratibu mzuri kabisa."

"Mwalimu wao alikuwepo?"

"Ndiyo."

"Mwanaume?"

"Bibi, jamii ina mila zake. Hatuwezi kuwaaibisha watoto. Tunawapa kitu wanachojisikia huru nacho."

Naserian alikuwa ameacha kuanua. Alisimama na zile nyeupe mkononi, ananitazama mimi, hatazami simu. Alikuwa anajua wenzake wangapi wanajikuna usiku na kunyamaza mchana. Elia naye ananitazama, anaomba kwa macho nisimharibie kazi.

"Basi, Bibi," sauti ikasema, "tunaomba jibu tu. Utatushonea?"

"Cheusi sishoni. Siri sishoni. Tafuteni fundi mwingine."

Simu ikakwaruza. "Samahani, Bibi, mtandao unakatakata huku. Umesemaje?"

Nikamnyang'anya Elia simu, nikaisogeza mdomoni.

"Cheusi sishoni. Siri sishoni. Tafuteni fundi mwingine."